Kadutu Yaomba Kuhesabiwa Kuwa Madini

Barua ya wazi kwa Kamati ya Pamoja ya Usimamizi wa Mkataba wa Amani kati ya Kongo na Rwanda, Washington.

Nakala: Wizara za Mambo ya Nje za Kinshasa na Kigali, wapatanishi wa Doha, na yeyote mwenye kinu cha kusafishia koltani.

Kuhusu: Ombi la komini nzima kuandikishwa kwenye orodha ya madini ya kimkakati.

Kadutu, Desemba 2025

Waheshimiwa wajumbe,

Komini ya Kadutu, ndugu wa Ibanda na Bagira katika mji wa Bukavu, inaisalimu Kamati kwa adabu zote kutoka kwenye mteremko wake, ambako nyumba za mbao zimebanana kiasi kwamba mtu akikohoa mtaa wa Nyamugo, jirani wa ukuta wa pili anamwambia pole. Salamu hizi zinakuja na pongezi. Januari 25, 2025 Kinshasa iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake waliokuwa Kigali, na uhusiano ukakatika. Juni 27 ya mwaka huohuo mawaziri wawili, Thérèse Kayikwamba Wagner wa Kongo na Olivier Nduhungirehe wa Rwanda, walikaa meza moja Washington, Marco Rubio akiwa shahidi, wakatia saini. Desemba 4 wakaja wakubwa wenyewe: Félix Tshisekedi, Paul Kagame, na Donald Trump katikati, ndani ya taasisi ya amani iliyokuwa imekwisha kupewa jina la mwenyeji. Kadutu inazo familia zilizogombania mpaka wa kiwanja tangu enzi za Mobutu na bado hazisalimiani. Kwa hiyo imestaajabu kwelikweli.

Kamati yenyewe ni mtoto wa mkataba ule wa Juni. Ndani yake wamo Kongo, Rwanda, Marekani, Qatar, Togo na Umoja wa Afrika. Kadutu haimo, ila hilo si jambo la kuanzia barua.

Mkataba umesomwa. Ulisomwa sokoni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kijana aliyesoma sheria hadi ada ilipomshinda. Alieleza kwamba nchi hizi mbili zitajenga mnyororo wa madini unaoziunganisha, tangu mgodini hadi chuma kilichokwisha kusafishwa, pamoja na serikali na wawekezaji wa Marekani pale inapofaa. Zitashirikiana katika umeme wa maji, katika hifadhi za wanyama, katika kuupunguzia hatari mlolongo mzima wa biashara ya madini. Wasikilizaji walitikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja mwenye beseni la nyanya aliuliza kama nyanya zimetajwa. Kijana alirudi juu, akashuka tena, akasema hajaziona. Mwingine akauliza kuhusu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu ambao hawajui upande upi ni Kongo na upi ni Rwanda. Nao hawakuonekana. Ndipo mzee mmoja fundi viatu akatamka maneno ambayo yangeweza kuwa kichwa cha barua hii: «Bakubwa bamepatana. Na siye?»

Kadutu si komini ya watu wanafiki, na inapenda mtu anayesema wazi. Desemba 4 ileile, Kinshasa ilitia saini pia ubia wa kimkakati na Marekani kuhusu madini yake, na Rais Trump hakumficha mtu: makampuni makubwa ya nchi yake yatakwenda Kongo na Rwanda, na kila mtu atapata pesa nyingi. Amani za zamani zilikuja na maneno matamu ya undugu na ujirani mwema, mtu akabaki anajiuliza bei iko wapi. Hii imekuja na bei imebandikwa mbele.

Kinachoitatiza komini ni jambo dogo. Inaambiwa kwamba biashara itarudisha uhusiano uliovunjika. Sasa, kwa upande wa mawe, uhusiano huo ulivunjika lini?

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika, na Kamati bila shaka imesoma, kwamba baada ya waasi wa M23 kuishika Rubaya, Masisi, mwezi Aprili 2024, takriban tani 120 za koltani zilikuwa zikitoka huko kila mwezi kuelekea Rwanda, zikachanganywa na za huko na kusafiri zikiwa na uraia mpya. Waasi walikusanya ushuru unaokadiriwa kufika dola 800,000 kwa mwezi. Wakati mabalozi wanafunga masanduku, koltani haikuulizwa viza. Ndege za Rwanda zilipopigwa marufuku kwenye anga ya Kongo, Februari 2025, jiwe halikuhangaika, kwa sababu halikuwa likisafiri kwa ndege ya Kongo hata siku moja. Rwanda iliuza nje dhahabu ya zaidi ya dola bilioni 1 mwaka 2024, nayo si nchi inayojulikana sana kwa migodi mikubwa ya dhahabu. Kadutu haimtuhumu mtu. Inasema tu kwamba hapo uhusiano ulikuwa mzuri.

Watu ndio waliokatwa. Bukavu ilianguka mikononi mwa muungano wa waasi wa AFC na M23 katikati ya Februari 2025, siku chache baada ya kufungwa kwa anga, na uwanja wa ndege wa Kavumu ulikwenda nayo. Tangu hapo, mkazi wa Kadutu mwenye shughuli Kinshasa, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, anavuka mto Ruzizi, anakwenda Kigali, anapanda ndege ya Kenya au ya Ethiopia, anabadilisha Nairobi au Addis Ababa, ndipo anatua nyumbani. Ili aende kwa rais wake, raia anapita kwanza katika nchi ambayo rais wake amevunja nayo uhusiano, kisha katika nchi ya tatu isiyohusika. Kigunia cha koltani hakijawahi kupata usumbufu wa namna hiyo.

Benki nazo zilifungwa. Mishahara ya walimu ikageuka kuwa tarakimu ndani ya simu, na dola za karatasi zikawa adimu, na zile zilizochanika pembeni kidogo, ambazo zamani zilikataliwa na kila muuza unga, zikapata heshima ya ghafla. Siku zilezile za Februari maghala ya Shirika la Chakula Duniani mjini Bukavu yaliporwa tani zipatazo 7,000 za chakula. Kuhusu nani mwenye mji kwa sasa, komini inaomba isiulizwe. Ina watoto wa kulea.

Hapo ndipo Kadutu ilipoanza kuwaza, na mawazo yake yalikwenda Walikale.

Huko, upande wa Kivu Kaskazini, uko mgodi wa bati wa Bisie wa kampuni ya Alphamin, unaotoa takriban asilimia 6 ya bati yote ya dunia. M23 walipoukaribia, kampuni ilisimamisha kazi Machi 13, 2025 na kuwaondoa wafanyakazi. Walikale ikatekwa. Kisha, kinyume cha desturi, waasi wakaondoka wenyewe mwanzoni mwa Aprili, juma lilelile ambalo Massad Boulos, mshauri wa Trump kuhusu Afrika, alikuwa akifika Kinshasa. Tarehe 9 Aprili kampuni ikatangaza kwamba inarudi kazini. Hesabu ya Kadutu ni fupi: mji wenye bati ulikaliwa kwa majuma machache, mji wenye watu unakaliwa hadi leo, benki zake zimefungwa na uwanja wake wa ndege kimya.

Kutokana na hesabu hiyo, komini inawasilisha ombi lake rasmi. Iandikishwe kuwa madini.

Inaelewa kwamba kuna masharti. Madini hupewa lebo: gunia linafungwa kamba yenye namba, linaandikwa limetoka shimo gani, na kwa lebo hiyo linaruhusiwa kupita hadi bandarini. Kadutu iko tayari kuvaa lebo. Kwa kweli imeshaizoea, maana mama anayevuka kwenda Kamembe, upande wa Rwanda, asubuhi na kurudi jioni hupewa kijikaratasi cha kuvukia, jetoni, na bila hicho anarudishwa. Tofauti ni kwamba gunia likishapata lebo halipekuliwi tena kila baada ya hatua kumi. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 iliruhusu huduma nne tu kukaa mpakani: forodha, uhamiaji, ukaguzi wa bidhaa na afya. Wafanyabiashara wadogo, ambao wengi wao ni wanawake, wameshazoea kukutana na nyingine zisizo kwenye orodha hiyo, zenye wenyewe wasiotaka risiti. Kila mmoja anachukua nyanya mbili, au mayai matatu, au noti. Mama anafika sokoni Kadutu na kile kilichosalia, na ndicho mji unachokula.

Kama Kamati inatafuta mnyororo wa thamani unaoziunganisha nchi mbili, huu upo na una umri mkubwa kuliko mikataba yote iliyotiwa saini Washington. Kutoka ng'ambo huja maziwa, viazi, karoti, nyanya, nyama. Kutoka huku huenda vitenge, mafuta ya mawese, sabuni. Haukuanzishwa na mpatanishi na haukuwahi kupewa mkopo. Ulisimama kila mpaka ulipofungwa, ukaanza tena asubuhi ulipofunguliwa, bila hotuba. Kadutu inapendekeza mnyororo huu nao upunguziwe hatari, kwa fedha ileile, na mwekezaji wa Marekani akipenda kubeba beseni karibu sana.

Pengine Kamati itasema: subirini, madini yakianza kutiririka kihalali, neema itawashukia. Kadutu ina faili la zamani kuhusu neema hizo, nalo ni nene. Pretoria, Julai 2002: Kongo na Rwanda zilitia saini, majeshi ya Rwanda yakaondoka rasmi, na Juni 2004 Bukavu ikatekwa na Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Januari 2009 majeshi ya nchi mbili yaliingia porini pamoja kwa operesheni iliyoitwa Umoja Wetu, na mwaka huohuo mabalozi wakarudi kwenye ofisi zao. Miaka mitatu baadaye M23 wa kwanza walikuwa ndani ya Goma.

Lakini ukurasa unaosomwa zaidi na wachambuzi wa vijiwe vya Kadutu ni wa Juni 2021. Tshisekedi na Kagame walikutana Gisenyi na Goma, volkano ya Nyiragongo ikiwa imetoka kuteketeza makazi ya watu mwezi uliotangulia. Walitia saini mikataba ya kulinda wawekezaji, ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili, na makubaliano kati ya SAKIMA, kampuni ya dhahabu ya serikali ya Kongo, na Dither ya Rwanda, ili dhahabu ichimbwe na kusafishwa kwa pamoja na magendo yaishe. RwandAir ikaja kuruka hadi Kinshasa, Lubumbashi na Goma. Biashara ilikuwa imerudisha uhusiano! Mwaka mmoja haukutimia. Mwishoni mwa Mei 2022 ndege zilizuiwa; Juni 13 M23 waliuteka mji wa mpakani wa Bunagana; siku mbili baadaye Kinshasa ikasimamisha mikataba yote; Oktoba balozi wa Rwanda, Vincent Karega, akafukuzwa. Katika mikataba ya 2021 hakukuwa na kosa la tahajia. Ilikuwa imeandikwa na watu wenye dhahabu akilini, na siku dhahabu ilipopata njia rahisi zaidi haikuwa na sababu ya kuwangoja mawakili.

Na sasa habari ya 2025, ambayo hata wapambe wake hawawezi kuikimbia kwa ucheshi. Februari 20 Marekani ilimwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa nchi wa Rwanda. Waziri wa nini? Wa uunganishaji wa kanda. Miezi michache baadaye Marekani hiyohiyo ikaziketisha Kongo na Rwanda kuandika mfumo wa uunganishaji wa uchumi wa kanda. Kadutu inatoa tahadhari ya bure: mtu akiitwa kuunganisha eneo hili, aulize kwanza ni mkutano upi anaalikwa.

Ubelgiji yenyewe haikupata bahati ya kupatanishwa. Machi 17, 2025 Rwanda ilikata nayo uhusiano, siku ileile ambayo Umoja wa Ulaya uliwawekea vikwazo wakuu wa jeshi na kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo mjini Kigali. Hadi leo hajatokea mpatanishi wa kuwapeleka Washington. Labda ni kwa sababu kilichobaki kati yao ni historia tu, na historia haina soko.

Kuna mfano mwingine wa jirani. Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna na Uganda Februari 2019. Ulifunguliwa Januari 31, 2022, baada ya mtoto wa Rais Museveni, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, kwenda Kigali kuzungumza na Kagame. Miaka karibu mitatu. Katika muda huo wakubwa walikutana Luanda na kwingineko mara kadhaa, na watu wa Katuna, upande wa Uganda, wenye kuuza chai na chapati kwa madereva wa malori ndio waliofunga vibanda. Hakuna kamati iliyoundwa kuwarudishia mtaji.

Kamati ikitaka kuona ushirikiano usiovunjika, isitafute mbali; ishuke chini ya mji hadi mto Ruzizi. Bwawa la Ruzizi ya pili limekuwa likitoa umeme tangu 1989, chini ya SINELAC, kampuni ya Kongo, Rwanda na Burundi, urithi wa jumuiya ile ya Maziwa Makuu iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976. Jumuiya ilikufa, ikafufuliwa, ikalala tena. Mitambo haikulala. Ilizunguka mwaka 1996 mji ulipotekwa, ikazunguka 1998, ikazunguka 2004, na inazunguka sasa ambapo Burundi nayo imefunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari 2024. Nchi tatu, mbili zikiwa zimenuniana na ya tatu, zinawasha taa kwa maji yaleyale, na zinashindana kwa uhodari uleule kuchelewesha malipo ya bili. Kama kuna mwanadiplomasia asiyeitwa nyumbani mwaka huu, ni yule fundi wa zamu ya usiku.

Juu ya hilo kuna Ruzizi ya tatu, megawati 206, mradi wa dola takriban milioni 760 unaozungumzwa kwa miaka mingi, na ambao sasa umepata wapenzi wapya kwa kuwa viwanda vya madini vinahitaji umeme. Kadutu inaufurahia. Inaomba tu kwamba waya za kwenda kwenye kinu cha koltani zikipita juu ya mtaa wa Cimpunda, uachwe mmoja ushuke. Moto unaoteketeza nyumba za mbao za komini hii kila mwaka mara nyingi huanza kwa mshumaa, au kwa umeme wa kuunganisha kiholela, yaani kwa mtu aliyekuwa akijaribu kuunganisha kanda kwa fedha zake mwenyewe.

Waheshimiwa, wino wa Desemba 4 ulikuwa haujakauka wakati risasi zilipokuwa zikilia Kamanyola na Luvungi, kwenye barabara inayoshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira. Desemba 10 M23 waliingia Uvira, na maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Siku chache baadaye, Washington ilipokasirika, wakatangaza kuondoka. Kadutu ilifuatilia kwa makini. Imejifunza kwamba hasira ya Washington inafanya kazi inapotumika, na imejiuliza kwa nini haijawahi kutumika kuhusu benki.

Maombi ya komini, basi, ni haya, na yote yanaweza kushughulikiwa katika kikao kimoja. Benki za Bukavu zifunguliwe. Kavumu ifunguliwe, hata kwa ndege ndogo. Kwenye vituo vya mpaka vya Ruzizi ya kwanza na ya pili zibaki huduma nne, na wengine watafutiwe kazi, pengine hapo Washington. Mfumo wa uunganishaji wa uchumi uongezewe kifungu kimoja kuhusu biashara ndogo ya mpakani, chenye nguvu ileile ya vifungu vya koltani, na kwenye meza ya Kamati awekwe mama mmoja wa soko la Kadutu, mwenye sauti na mwenye posho. Endapo haya yatakuwa mazito, Kamati inaombwa kurudi kwenye ombi la kwanza na kuitangaza Kadutu kuwa mgodi. Komini itajitahidi kutafuta bati chini ya soko.

Jibu lipelekwe Kamembe, upande wa Rwanda, kwa kuwa Bukavu hakuna ndege ya kulileta. Kuna mama atalichukua alfajiri pamoja na maziwa. Mzigo wake usipekuliwe.